Kibanio cha Kumi

Jumanne, Vitengeni

Nimesema ni upepo. Mbele ya watu wote nimesema ni upepo, na Mwanaidi ameniamini.

Asubuhi nilikuwa nakunja parachuti yake ya kuruka kutoka juu ya mnara. Huwa nabana kitambaa kwa vibanio kumi vya nguo, halafu natoa kimoja kimoja huku nikihesabu. Nilikuwa nimefika saba baba yake alipotokea. Nikainuka. "Shikamoo, mzee." Tukaulizana hali za nyumbani, hesabu ikanipotea. Kuanza upya mbele yake nikaona haya, nisionekane mwanagenzi. Nikasema "Kumi" kwa sauti, nikafunga mkoba.

Mwanaidi aliporuka, parachuti ikafunguka nusu, ikamgeuzia kwenye vyuma vya mnara. Na pale mtu huruka na moja tu, hana ya akiba. Alivuta kamba za nyuma kwa nguvu zake zote, akaponea mahindini. Amevimba kifundo cha mguu tu.

Nilipoikusanya, kibanio kilikuwa ndani, kimeuma kitambaa. Nikakitia mfukoni.

Baba yake akanishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Akipona, mkunjie wewe. Simwamini mwingine."

Nikaitikia, "Inshallah, mzee." Mkono wa pili ulikuwa mfukoni, umekifumbata.