Wazee Wawili Waliopigana Chini ya Picha Yetu

Jumapili, Malvern, Johannesburg. Mvua ya mawe inapiga mabati tangu saa tisa, nami nimetoka kufuta damu sakafuni.

Ni siku ya ishirini na mbili ya ndoa yangu. Nampenda Fideli mpaka kifua kinauma. Ni fundi cherehani hapa barabara ya Jules, na hata gauni langu la arusi alilishona yeye.

Wiki iliyopita aliniletea picha, nakala ya mchoro wa zamani sana wa Ulaya: wanamuziki wazee nje ya kilabu cha pombe. Alidhani wanacheza. "Ndivyo tutakavyozeeka, chérie," akasema. Nilipoisogelea nikaona mmoja anamchoma mwenzake jicho kwa filimbi, na kikongwe pembeni analia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tukaitundika vilevile, juu ya meza ya kulia.

Leo wazee wawili waliotupigia gitaa kwenye arusi walikuja na magitaa yao kula sombe, kisamvu cha kwetu, kama shukrani. Papa Venance na Papa Joeli wamepiga pamoja miaka ishirini. Papa Joeli ni mjane. Mkewe, marehemu Mama Zawadi, ndiye aliyenipokea Johannesburg na kunifundisha kusuka nywele.

Kwetu Kongo, kwenye arusi mwimbaji huita majina ya wazee wa maarusi, walio hai na waliokufa. Papa Venance hakuliita la Mama Zawadi.

"Jina la bibi yangu lilikwenda wapi?" Papa Joeli aliuliza, tonge mkononi.

Papa Venance alinitupia jicho. "Kichwa kimezeeka, ndugu."

"Kimezeeka kwake tu? Jina la mbwa wa jirani ungelikumbuka."

"Kula, mzee. Chakula kinapoa."

Papa Joeli akanyakua gitaa lake, likapaa. Lilipasukia usoni pa Papa Venance, nikasikia meno yakivunjika. Alianguka na meza, akainuka, akamkaba mwenzake na kumgongesha kichwa ukutani mpaka picha ikatikisika. Papa Joeli akamng'ata kidole, hakuachia. Wazee wa miaka sabini, wakihema kama ng'ombe machinjioni, na juu yao wale wa kwenye picha nao wanaumizana. Kisha mkono wa Papa Joeli ukapata kisu cha nyama.

Fideli alikidaka kwa upande wa makali.

Mkono wa kulia. Mkono wa mkasi.

Kliniki wamemtia nyuzi tisa. "Fundi ameshonwa," akaniambia, akitaka nicheke. Daktari hajui kama vidole viwili vitakunjika tena.

Sasa niseme.

Majina niliyaandika mimi. Bibi arusi ndiye huandika, na Papa Venance alisoma karatasi yangu. Furaha ilinizidi, niliandika huku najaribu viatu, nikamsahau mama aliyenilaza kitandani kwake. Papa Venance alijua. Amevunjwa meno akinificha, nami nilisimama na bakuli la sombe, kimya.

Nimemwambia Fideli. Aliniegemea begani. "Kesho nitakusindikiza mpaka Rosettenville," akasema. "Kuongea, utaongea wewe."

Kwa hiyo asubuhi nitabisha hodi huko kwa Papa Joeli. Akifungua sitalia, wala sitauliza habari za nyumbani. Nitamwambia: Mama Zawadi nilimsahau mimi.