Kidonge cha Baba Si cha Kugawana

Baba Sekela,

Nimewahi lori la Kaengesa, narudi jioni. Maharage yapo jikoni, yaongezee maji yasije yakaungua kama ya juzi.

Dawa za presha za baba nimezificha kwenye debe la ulezi. Mpe kidonge kimoja baada ya uji, umtazame akimeza, kisha afungue mdomo uhakikishe. Mimi ni mkwewe, mila zetu za Unyakyusa haziniruhusu kumkodolea macho.

Leo asubuhi nimemuuliza, nikiwa nyuma ya mlango, swali ninalowauliza wagonjwa wote wa zahanati: kuna siku anaacha dawa? Akajibu kwa fahari kwamba haachi, kila siku anameza nusu. Nusu ya pili anampa jirani yetu Mzee Zenon, maana naye kichwa kinamgonga, na katika nchi ya Ujamaa mtu hali peke yake. Nazunguka vijiji kutafuta watu wa namna hii, kumbe ninaye nyumbani. Ndiyo maana presha yake haishuki. Nimeogopa kweli.

~~Mzee Zenon akija, usimfungulie.~~ Hapana, mpe uji, umwambie kesho aje zahanati nimpime.

Na klorokwini zako za wiki iliyopita nimezikuta kwenye mfuko wa koti. Uliapa umezimaliza, halafu unashangaa homa kurudi. Nimeshamweleza baba. Ukimaliza kumkagua, ni zamu yake kukukagua wewe. Ufungue mdomo vizuri, macho yake hayaoni mbali.

Mama Sekela