Tangazo la Saa Saba

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Gidioni amelala na viatu vyake. Alijitupa kitandani mara tuliposhuka kwenye basi.

Mume wangu amelala. Bado naliandika neno hilo polepole, kama mtu anayelamba asali na hataki iishe. Mume wangu. Wiki ya saba hii. Shajara, nimekujaza habari zake mpaka umechoka: sauti yake, mikono yake, anavyonisubiri nimalize kula ndipo anyanyuke. Leo nakuandikia jambo nisilojivunia.

Gidioni anasoma mawasiliano na uandishi wa habari chuo kikuu, mwaka wa pili. Amerudi hapa Singida kwa mafunzo ya vitendo kwenye redio moja ya mjini. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini madaftari yake nayajua. Jioni nikisonga ugali namuuliza: habari ina maswali mangapi? Anahesabu kwa vidole: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Akisahau moja, hapati mlenda. Hajawahi kukosa mlenda.

Jumatano asubuhi walimwambia atasoma matangazo ya saa saba mchana siku hiyohiyo, peke yake, kwa mara ya kwanza. Nilipagawa kwa furaha. Nikampigia simu mama, shangazi, mashoga zangu wa shule, na Bibi mzaa mama, kijijini karibu na Shelui.

Bibi na Gidioni wana utani wao. Siku ya harusi alimshika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu kaoa wawili." Tangu hapo humwita "mume wetu", na mimi huniita "mke mwenza". Kwa hiyo nikamwambia, "Bibi, saa saba washa redio. Mume wetu anasoma."

"Ngoja nikanunue betri mpya," akasema. "Nitakaa hapohapo uani na alizeti yangu."

Mimi ndiye niliyemweka Bibi karibu na redio.

Saa saba nilikaa kitandani, simu mkononi, narekodi. Akaanza. Sauti ile! Ng'ombe aliyepotea, mkutano wa wazazi, cherehani inayouzwa. Kisha akaishusha sauti, kwa heshima, akasoma tangazo la kifo. Zefania Msengi amefariki dunia leo asubuhi, hospitalini, Singida Mjini. Habari ziwafikie ndugu na jamaa walioko Shelui, Sekenke na kwingineko.

Nilikuwa bado natabasamu.

Zefania Msengi ni mjomba wangu. Mtoto wa kwanza wa Bibi.

Gidioni hakujua. Kwetu mtu mzima haitwi kwa jina. Mume wangu alimjua kama Mjomba, au Baba Rehema, basi. Alikula naye sahani moja na hakuwahi kulisikia jina lake. Mjomba alizidiwa alfajiri ileile, hata mimi na mama hatukuwa na habari. Mwanawe ndiye aliyepeleka karatasi redioni, na juu yake aliandika: isomwe saa mbili usiku. Wazee wawili walikuwa wameshapanda basi kwenda kumwambia Bibi ana kwa ana, wakae naye, wamshike. Mama haambiwi na redio kwamba mwanawe amekufa.

Gidioni aliiona ile saa mbili. Aliona pia kwamba kipindi kimebakiwa na dakika mbili tupu. Akawaza, ndugu wa mbali wakijua mapema watawahi mabasi. Chuoni wanawafundisha kwamba habari haikai. Akasoma.

Wazee walipofika walimkuta Bibi amekaa chini katikati ya alizeti, redio inapiga muziki.

Sisi tulifika msibani Alhamisi. Hatujafika hata uani, mjomba wangu mdogo akawaambia wanaume waliokaa kwenye mabenchi, "Mtangazaji huyo. Hebu mwulizeni, leo kafa nani?" Wakacheka kile kicheko kifupi cha msibani. Gidioni alimwamkia kila mtu, shikamoo, shikamoo, kisha akaenda kupasua kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilipompelekea maji aliniambia harudi tena chuo.

"Nitalima," alisema. "Shamba halimwambii mtu kitu."

Nikiri hapa, maana kwingine siwezi: moyo wangu ulifurahi kidogo. Akiacha chuo, hataniacha tena peke yangu kwenye chumba hiki. Nilimwangalia mume wangu anavyoumia, nami nikawaza hilo.

Asubuhi ya maziko Bibi alimwita. Alikuwa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Gidioni akapiga magoti pembeni. Nilidhani anafukuzwa.

"Wewe ndiye unayesomea kuandika habari za watu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwanangu ulimsoma na hukumjua. Leta kalamu, nikuambie alikuwa nani. Wasifu wake utausoma wewe."

Mjomba mdogo akaguna. Bibi hakugeuka.

Gidioni alikaa pale saa nzima, akiandika. Yeye ni Mnyaturu, kwa hiyo Bibi alipozama kwenye Kinyiramba mimi nilimtafsiria. Jinsi Mjomba alivyokwenda Sekenke kuchimba dhahabu, akarudi na kipande kimoja cha sabuni ya kunukia, cha mama yake. Jinsi alivyofuga nyuki miaka yote huku akiwaogopa, asali ikirinwa na mkewe. Na kila baada ya kitu kipya Gidioni aliinua kalamu: "Bibi, hili nilisome, au libaki kwetu?" La nyuki Bibi alilifikiria, akasema soma. Kuna moja alikataa, na mimi sitaliandika hapa.

Nimepekua daftari lake leo. Swali hilo halimo kwenye yale sita.

Alisoma mbele ya jeneza. Pale pa sabuni ilibidi aurudie mstari. Kwenye nyuki watu walicheka, kicheko kirefu safari hii, na mjomba mdogo akajifuta macho kwa kofia.

Nilidhani yamekwisha. Lakini leo tulipokuwa tunaaga, Bibi aliichukua redio, akaifungua mgongoni, akatoa zile betri mpya, akaniwekea kiganjani. "Kaa nazo, mke mwenza. Siku nikitaka kumsikia nitakuambia."

Kisha akamgeukia Gidioni. "Safari njema, kijana."

Kijana. Si mume wetu.

Ndani ya basi alisema jambo moja tu, kwamba kesho anakwenda kazini. Nilimshika mkono wenye malengelenge mpaka Singida. Sikumwambia nilichowaza msibani. Nitamwambia, ila si leo.

Sasa naenda kumvua viatu. Kesho nitampigia pasi shati, na saa saba nitamsikiliza peke yangu. Sitampigia mtu simu. Betri za Bibi nimezifunga kwenye kitambaa cha harusi, zisipate unyevu, maana ataziomba mwenyewe.

Nasubiri simu yake.