Mikorosho Uliyoiandika kwa Jina la Mume Wangu

Mwalimu wangu,

Sisi tukipita makaburini huwatolea salamu waliolala humo, kwa kuwa tunaamini wanasikia. Kaburi lako liko kwenu Bukoba, nami hapa Ruangwa sina nauli wala miguu ya kufika huko. Basi nakutolea salamu kwa karatasi. Amani iwe juu yako.

Bado sijaelewa. Jumatano nilikuja kukupokea stendi, nyumbani nimeacha kisamvu cha karanga. Basi la Lindi likafika, watu wakashuka, wakaisha. Nikachungulia ndani. Dereva, yule mwembamba uliyemzoea, akanishika mkono. "Mama, mwalimu wako hakupanda. Amefariki Jumapili. Ni moyo." Nikamjibu, "Hapana, ana baraza Ijumaa." Hivyo ndivyo nilivyomjibu, Mwalimu. Kana kwamba mtu mwenye baraza Ijumaa hawezi kufa.

Nikarudi nyumbani, nikapakua chakula sahani mbili. Nilipoiona ile ya pili ndipo nikakaa chini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilisema hivyo kwa mdomo, moyo ulikuwa bado unakungoja.

Wenzako wa chuo kikuu watakusifu kwa vitabu. Mimi nakukumbuka ulivyokuja mara ya kwanza. Tulikuwa tumehamishwa, tumepangwa kandokando ya barabara kwenye kijiji kipya, na kule mahame tulikozaliwa mikorosho imebaki peke yake kwenye majani. Wageni wote waliokuja walikuja kutufundisha. Wewe ulikaa kwenye kinu changu kilicholala, ukafungua daftari, ukasema, "Dada Somoe, hapa mimi ni mwanafunzi." Tulicheka sana. Mwanafunzi ana mvi.

Nakumbuka maji ya bibo la mkorosho yalivyokumwagikia kwenye blauzi nyeupe. Nikakuambia doa hilo halitoki hata kwa sabuni ya Ulaya. Ukaivaa hivyohivyo mpaka ofisi ya wilaya Nachingwea, ukawaambia wakubwa kwamba watu hawa waachwe warudi kupalilia miti yao. Tukaachwa. Mwaka ule tulivuna.

Lakini ulikosea, na hili nalisema kwa sababu wewe mwenyewe hukulificha. Uliandika kila shamba kwa jina la baba mwenye nyumba, kama ilivyo kwenu. Kwetu Wamwera shamba hutoka kwa mama, mume anakuja kulima kwa mkewe. Mikorosho yangu aliipanda mama yangu. Wewe ukaandika: ya Saidi. Nami sikuona, maana siku hiyo nilikuwa nakutafsiria wazee wanne kwa mpigo. Katibu wa kijiji akaona daftari lako limepangika kuliko lake, akanakili lote.

Saidi alipofariki, akaja Ismaili, mtoto wa dada yake, na kitabu cha katibu kwapani. Mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na kweli ndiyo mila yetu. Ila miti haikuwa ya mjomba.

Nilipokuandikia nilidhani utanijibu kisomi, kurasa na kurasa. Ukajibu: "Dada Somoe, kosa ni langu, si la katibu wala lako. Nitakuja mwenyewe kulisema mbele ya watu. Usigombane na mtu." Profesa mzima. Nililia, halafu nikawasomea majirani.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda peke yangu kwenye lile baraza la kijiji ulilokuwa uje kusema. Ismaili akauliza, "Mkazamjomba, shahidi wako yuko wapi?" Watu wakainamisha vichwa. Nikaitoa barua yako, herufi zinakimbia, mimi niliyeishia darasa la nne. Nikasoma mpaka pale "nitakuja mwenyewe." Sikuweza kuendelea, Mwalimu.

Aliyeanza kusema ni Bi Hadija, unamjua, yule ambaye hukuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume. Akasimama na Kimwera chake: "Na yangu je, imeandikwa ya nani?" Katibu akafungua kitabu. Ya mumewe. Mwingine akauliza, ya mumewe. Nikapigwa na butwaa. Miezi yote hiyo nilidhani kosa liko kwenye shamba langu tu, kumbe tulikuwa wote humo, hakuna hata mmoja aliyewahi kusomewa. Mwisho mwenyekiti akauliza taratibu, "Na ile ya mama yangu?" Katibu akakohoa. Ya baba yake. Mwenyekiti, ambaye mwanzoni alikuwa anaangalia saa, akasema, "Lete kalamu."

Jina la Saidi limefutwa. Ismaili alinifuata nje, haya imemjaa. "Nisamehe, mkazamjomba. Mimi niliamini kitabu." Nikamwambia aje achukue muhogo. Ni mtoto wetu.

Ila miti ya wenzangu inapaswa iulizwe upya, mti kwa mti, na katibu akasema hana mtu wa kutuma kule mahame. Nikasikia mtu anasema, "Nitakwenda mimi." Nikageuka kumtazama aliyesema. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Naogopa, Mwalimu. Mwandiko wangu unaujua. Na kuna wanaume ambao hawatafurahi kuniona na daftari. Nilitaka kukuuliza nianzeje mtu akinikatalia, na nifanyeje dada wawili wakigombea mti mmoja. Nilikuwa nayo maswali mengi ya kukuuliza Jumatano.

Nilimwuliza shehe kama naweza kukuombea dua, wewe uliyekuwa mtu wa kanisani. Alinieleza mengi. Nikamsikiliza kwa heshima, nikarudi nyumbani, nikakuombea. Mola anajua nani ni nani.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nakuahidi sitafunga ukurasa wowote kabla mwenye mti hajanisikia nikimsomea, polepole, kwa Kimwera. Naanza Jumamosi, na miti ya Bi Hadija. Bi Hadija amesema nisiende mapema, ana ufuta wa kupura kwanza. Nimemwambia nitakuja kupura naye.

Dada yako,
Somoe