Nani Mwingine Amekula?

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Pili,
Nyumba ya Nyuma ya Karakana.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Hujambo? Mumeo hajambo? Yule mdogo niliyesikia amezaliwa, ameshaota meno? Na mgongo wako, ule unaokusumbua ukikaa sana ofisini, unaendeleaje?

Mimi sijambo sasa. Nilikuwa mgonjwa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Usishtuke. Anayekuandikia ameketi na amekunywa chai.

Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini na mmoja nimepika katika jiko la shule ya bweni, kwa masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Tangu nistaafu, na tangu mkaza mjomba wako atutoke, mkono umekataa kujifunza kumpikia mtu mmoja. Nasema leo nipike kidogo, nikifunua nakuta chakula cha harusi.

Jumatatu ya wiki juzi nilipika wali na mchuzi wa kuku. Nikala sahani moja. Friji ilikuwa imejaa mabaki, mengine nimeshasahau ni ya nini, nikaona uvivu kuipanga. Nikafunika masufuria, nikayaacha juu ya jiko na joto lote lile mpaka kesho yake mchana. Nikapasha moto, nikala.

Mimi huyu, Chiriku! Niliwahi kumtoa jikoni mpishi mwenzangu kwa kosa hilo hilo. Lakini kule kulikuwa na watoto mia nne wa kuwahofia. Hapa nimhofie nani?

Alasiri tumbo likaanza kunisokota. Nikatapika, nikaharisha, mpaka miguu ikakataa kunibeba. Nililala sakafuni karibu na mlango wa choo siku hiyo na nyingine nzima. Kilichonisumbua kuliko kiu ni kusikia watu wakipanda na kushuka ngazi, wakicheka, wakiburuta ndoo, na mimi sina sauti ya kuwaita.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa chumba cha jirani. Tulikuwa tukisalimiana tu, kila mtu na hamsini zake. Akagonga mlango.

"Mzee, upo? Mbona redio kimya tangu jana?"

Nikapiga sakafu kwa kiganja. Huyo mama ana nguvu kama mpagazi. Alinishusha ngazi zote hadi zahanati.

Nilipotundikiwa dripu, muuguzi akachukua karatasi, akaniuliza, "Nani mwingine amekula chakula hicho? Waje nao tuwaangalie."

"Hakuna."

Akadhani naficha. "Nyumbani mko wangapi, baba?"

Nikamwonyesha kidole kimoja. Mwanangu, tumbo lilikuwa limeniuma, lakini si kama kidole kile.

Akaanza kunifundisha polepole: chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili; nikigawe kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe upesi, kisha kiingie kwenye friji au kigandishwe; kilichoganda kiyeyukie ndani ya friji, si mezani; kikishapashwa moto na kubaki, kisirudishwe kugandishwa. Tena, sumu ya wali uliolala nje haiondoki hata ukiuchemsha. Nikaitikia kila neno kama mwanafunzi. Niliona aibu kumwambia kwamba mimi ni mpishi.

Sasa nina vibakuli kumi na viwili vyenye vifuniko. Juu ya kila kimoja nimebandika karatasi yenye tarehe. Nikipika, nala, nagawa, nagandisha. Fundi cherehani huchukua vibakuli viwili kila Jumamosi na kunirudishia na chakula chake. Chumvi anaijaza kama anakausha ngozi, lakini nakila chote.

Kuna jambo moja lililonifanya nikuandikie kwa anwani ya kazini kwako. Kwenye ile karatasi palikuwa na nafasi ya ndugu wa kujulishwa. Niliandika jina lako bila kukuomba ruhusa. Unisamehe. Muuguzi alipiga simu mara tatu palepale, mbele yangu, na kila mara akaambiwa namba haipatikani. Akaniuliza kama nina namba nyingine. Nikamwambia labda mtandao unasumbua. Sikutaka ajue kwamba namba ile uliniachia miaka minne iliyopita, na kwamba hata mimi huwa inanijibu hivyo hivyo.

Sikulaumu. Maisha yana mbio zake. Nitumie tu namba unayotumia sasa, nikambadilishie muuguzi kwenye ile karatasi. Nimemwambia nitarudi zahanati mwisho wa mwezi.

Nisalimie mumeo, wifi zako, na mdogo mshike shavu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, awape afya na usingizi mtamu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Mzee wa Mwiko