Mama Mwenye Beseni mu Muchezo wa Vita

Kinshasa, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama mupenzi,

Wavukire! Mugongo wako unasemaje na baridi ya asubuhi? Na Baba, bado anagombana na mbuzi ya jirani? Miye niko muzima. Joto ya huku inanipika polepole kama ndizi ya makemba, lakini sijaiva bado.

Uliniuliza kazi yangu ni nini kabisa. Tunatengeneza muchezo wa simu. Ni vita, ndiyo, mais vita ya adabu: unasogeza batu bako, unatulia, unangoja mwenzako naye asogeze. Kila mutu na zamu yake. Ningependa vita ya kwetu ikuje kujifunza hapa.

Balinipa kazi ya kuchora inchi. Nikachora yetu: Butembo kule juu mu ukungu, barabara inashuka Beni, kisha Oicha na kivuli cha kakao. Siku zingine ninaiangalia mpaka ninasahau kiti ninachokalia. Milima inakuwa laini kama nguo yenye kulowa, motari na pikipiki yake anapita bila sauti, na miye niko nyuma yake, sina uzito. Kule Mulekera ya Beni, pembeni ya barabara, niliweka mama mwenye beseni ya majani ya sombe. Hapana kuuliza ni nani.

Shida ni moja: benzangu ba kazi balipojaribu muchezo, hakuna mutu alimuchagua. Bote balichukua basoda benye bunduki. Chef wetu wa kazi, Déo, tunamuitaka yaya kama kaka mukubwa, mutoto wa Kinshasa mpaka kwenye kucha, akasema:

— Kambale, huyu mama hana nguvu. Tumutoe.

— Yaya, ngoja kwanza.

— Na nani anauzaka sombe katikati ya vita?

— Kwetu, mama akingoja vita iishe, tutakula nini?

Akanipa mpaka Jumamosi.

Nikamuongezea nguvu. Lo! Beseni moja ikaangusha kikosi kizima. Sasa kila mutu akataka bamama tu. Inchi ikajaa mabeseni. Déo akacheka mpaka machozi, mais akasema hiyo nayo haiko haki.

Halafu nikakuota. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, ukungu ulifika magotini, baclients banakuja bila miguu. Weye juu ya kila fungu ulitupia mukono moja ya majani ya bure: «Shika matabishi, urudi kesho.» Nilipoamuka, nikamuondolea mama ile nguvu yote, nikaandika sheria moja: mwenye kununua kwake anapata matabishi, na zamu inayofuata anarudi kwake, hata kama ni soda wa adui. Jumamosi Déo mwenyewe alishindwa vita, sababu basoda bake balikuwa mu mustari ya sombe.

— Abaki, akasema. Mais lazima naye aweze kufa. Bengine bote banakufa.

Mama, vidole vyangu vilikataa. Dada Masika aliniambia juu ya siku ile risasi zililia karibu na soko: benzako balikimbia, weye ulibaki, unataka kumaliza fungu la mwisho. Usimugombeze, ni miye nilimusumbua na maswali.

Nikamwambia Déo:

— Hafi. Bakimufyatulia, anaacha beseni palepale, anafunga kikwembe kiunoni, anarudi nyumbani.

— Na sombe?

— Imepotea.

— Yote?

— Yote, yaya.

Akaona hasara inatosha, akakubali.

Unisalimie Baba, na dada Masika pamoja na machine yake ya kushona, na mama mukubwa wa Butembo mwenye kuuza vikwembe, na mujomba wa Oicha, akitoka shamba salama.

Na weye, Mama: sheria ya kuacha beseni na kurudi nyumbani imeandikwa, chef ameikubali, hata basoda ba adui banaifuata. Umebaki weye tu.

Mutoto wako mwenye kukuwaza,
Kambale