Herufi za Wamaya zimenifungia chooni

Beatha, nimejifungia chooni kazini. Usicheke!

Zile herufi nilizokuonyesha, moja kama tatu iliyogeuzwa, mapadri Wahispania walizitunga kuandikia lugha za Wamaya. Mimi kazi yangu ni kuskani kurasa tu!

Leo kaja bibi Mmaya kutoka Guatemala, na mkalimani wake. Bosi akamwambia, "Restuta anazisoma hizi." Eti anazisoma! Akanigeukia, "Si ndiyo?"

Nikaitika. NIKAITIKA. Bosi, mtu mzima, kanikazia macho, na unajua tulivyolelewa, ningekataaje?

Bibi akalia, Beatha. Mkalimani akasema moja ya kurasa nilizoskani ni barua ya wazee wa kale wa kijiji chao, na bibi hajawahi kuisikia ikisomwa.

Sasa wanagonga mlango, taratibu. Mkalimani anasema bibi kasema nisiharakishe, wameshasubiri miaka mia nne.